Barua ya wazi: ninaomba uzee wangu mapema

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Meya wa jiji la Lubumbashi, pamoja na wakuu wa komuni zake zote saba,
Kwa wakurugenzi wa Mfuko wa Taifa wa Usalama wa Jamii, CNSS,

Waheshimiwa baba na mama zetu, jambo yenu.

Mimi ni fundi wa nguo. Ninakaa komuni ya Katuba, ninashonea soko la komuni ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nina miaka 44, meno yangu yote yapo, na mguu bado unakanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jua linapozama. Basi mtajiuliza mama huyu anatafuta nini katika mambo ya wazee. Ninaandika sasa kwa sababu wazee wenyewe hawaandiki. Aliyefika miaka 75 na shida zake hana tena macho ya kuandika barua, wala magoti ya kuifuata barua hiyo ofisi hadi ofisi; na mjukuu anayemtuma anaambiwa mkubwa hayupo, rudi Jumanne. Nguo ya arusi hailetwi kwa fundi asubuhi ya arusi. Mimi nimeleta kitambaa mapema, na vipimo vyangu hivi hapa.

Nikijaliwa kufika hiyo miaka 75, nataka niwe bado Katuba, katika lupango langu, kiwanja changu chenye mwembe, ndani ya nyumba ambayo karatasi zake zina jina langu. Asubuhi nitoe kiti nje, nishone vifungo na kukunja suruali za watoto wa jirani, maana mikono isiyo na kazi hunifanya nigombane na watu. Mchana nile bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Juni na Julai, usiku baridi inapoingia mpaka kwenye mifupa (wageni hawaamini kwamba Kongo kuna baridi, waje walale Lubumbashi), niwe na blanketi nzito na makala (makaa) ya kutosha kwa mbabula, jiko letu la kuotea moto. Nikitaka kwenda Ruashi kumsalimia dada yangu, niende na kurudi siku hiyohiyo, kwa basi ambalo halinipiti kituoni likiona fimbo mkononi. Nikiugua, nifike hospitali bila watoto kung'oa kwanza mabati ya nyumba ili wayauze. Nataka niende kwenye arusi nimevaa kitenge nilichokishona mwenyewe, nikae mbele, nichunguze mishono ya mafundi vijana na kuisema vibaya. Na mchungaji akihubiri kupita kiasi, niwe na umri wa kunyanyuka na kutoka bila mtu kuniuliza.

Someni tena, Waheshimiwa. Sijaomba gari, wala safari ya kutibiwa India.

Lakini nikiwatazama wazee walio karibu nami, naona hata haya machache hawayapati. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya mshahara maisha yake yote, kila baada ya muda huitwa kujionyesha kwamba bado yuko hai, ndipo jina lake libaki kwenye orodha ya malipo. Mara ya mwisho alipelekwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge kiunoni mwa dereva asianguke. Alisimama foleni na wenzake, akaweka kidole chake, akarudi na homa ya siku kadhaa. Nauli ilikula sehemu nzuri ya kile alichokwenda kukidai. Sasa mimi nauliza swali la mshonaji asiyesoma sana: kila mtaa una mkuu wake, na mkuu wa mtaa anajua nani kafa kabla turubai la msiba halijafungwa. Kwa nini asiulizwe yeye? Kwa nini aliye hoi ndiye apande pikipiki, na mwenye gari la ofisi abaki mezani?

Jiji letu liliwahi kuujua uzee wa namna nyingine, na ni lazima tuuseme vizuri, kwa sababu wengi wanaulilia bila kuutazama. Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, ilianza mwaka 1906, Lubumbashi yenyewe ikazaliwa mwaka 1910, na kwa miaka mingi maisha ya mfanyakazi yalipita yote mikononi mwa kampuni: nyumba ya kampuni, posho ya unga, shule ya watoto, hospitali, hata jeneza. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Serikali ilipoichukua mwaka 1967, ikawa Gécamines baadaye, mpango ule uliendelea. Miaka ya 1980 shaba iliyotoka ilizidi tani 400,000 kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, nchi ikavurugika, na kufika katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikasimama. Mwaka 2003 ukaja ule mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakapokea kitu cha mara moja na kwenda nyumbani.

Hapa kwetu bado watu wanabishana kama kiasi kile kilikuwa haki. Mimi naona jambo jingine. Wale baba hawakupoteza kazi tu. Kila kilichokuwa kiwatunze uzeeni kilikuwa kwa jina la kampuni: kitanda cha hospitali, unga, darasa la mtoto. Kampuni ilipoanguka, hakuna mzee aliyeweza kusema, hiki ni changu, nilikiweka mimi. Kwa hiyo nikisikia vijana wakisema turudishiwe posho, mimi nanyamaza. Ule uzee ulikuwa wa mwanaume aliyeandikwa kwenye daftari, mke wake akiwa kwenye kadi yake. Fundi wa nguo wa sokoni hakuwemo. Uzee ninaoutaka mimi usining'inie kwenye kampuni yoyote, hata hizi mpya ambazo malori yake yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Kuna na jambo la fedha yenyewe. Aliyekatwa mshahara wake mwaka 1978 alikatwa kwa zaire, fedha ya nchi wakati ule. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire 1 mpya. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Zidisheni: zaire za zamani bilioni 300 kwa faranga moja ya Kongo. Mtu alikatwa mshahara tangu ujana, na alipofika uzeeni, alichokiweka hakikutosha hata kununua kiberiti. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani kwake. Noti zilibadilika tu, na hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba mzee hawezi kuikimbia bei mpya jinsi kijana anavyoweza. Mimi bei ya kitambaa ikipanda leo, kesho napandisha bei ya gauni. Mzee wa pensheni atapandisha nini?

Ndiyo maana ninaomba pensheni ipimwe kwa mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25. Kila mtu Lubumbashi anaijua bei yake. Tunajua pia kwamba unga wetu mwingi unatoka Zambia, na Zambia ikikaza mpaka, au mvua ikiwakosa huko, bei hapa inaruka ndani ya wiki. Pensheni iseme: mzee huyu anastahili mifuko kadhaa kwa mwezi, na faranga zifuate. Wataalamu watakuja na fomula zao za kupima gharama za maisha, sawa, wazilete. Lakini ziandikwe kwa namna ambayo nkambo, yaani bibi au babu, wa Kamalondo anaweza kuzikagua mwenyewe dukani.

Nije kwa CNSS. Najua taasisi hii ilitoka mbali. INSS ya zamani ilianza mwaka 1961, na sheria ya Julai 2016 ndiyo iliyoibadilisha. Sheria hiyo inasema umri wa kustaafu ni miaka 60, mwanamke na mwanaume sawa. Kwa ajili ya pensheni mfanyakazi anakatwa 5%, mwajiri anaongeza 5%. Kwenye karatasi ni vizuri. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi kwa mkandarasi mmoja anayefanyia kazi migodi, mkataba wa miezi mitatu, halafu mitatu mingine, halafu anakaa nyumbani, halafu anaitwa na mkandarasi mwingine mwenye jina tofauti. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha makato. Je, yamefika? Nikimuuliza anacheka. Ana miaka 23, na kwake miaka 60 iko mbali kuliko Ulaya. Akija kufika, atakuwa amepita kwa waajiri wengi ambao baadhi wamefunga na wengine wamebadili jina, na yeye ndiye atakayeambiwa alete ushahidi. Wakurugenzi, simu anayo mfukoni kila dakika. Mwezi ukiisha, mtumieni ujumbe mmoja: kwa jina lako kimeingia hiki, kutoka kwa huyu. Ujumbe usipofika, atajua mwezi huohuo, wakati mwajiri bado ana mlango wa kugongwa.

Na mimi je? Sheria hizi zote zimejengwa kumzunguka mwajiri: yeye ndiye anayeandikisha, yeye ndiye anayekata, yeye ndiye anayepeleka. Mimi sina mwajiri. Wauza mboga hawana. Wasukuma mikokoteni hawana, wala wasuka nywele, wala wachimbaji wadogo, wala yule kijana anayechaji simu za watu mbele ya meza yangu. Ukitembea soko la Kenya tangu mwanzo hadi mwisho utaona umati wa watu wanaofanya kazi toka alfajiri, na kwenye vitabu vyenu hatumo.

Tuna likelemba. Naisifu, imenisomeshea watoto na kuninunulia cherehani ya pili. Wanawake tunachanga Jumamosi, mmoja anachukua zote, wiki ijayo mwingine. Inafaulu kwa sababu tunajuana mpaka milango ya nyumba, na anayechelewa tunamkuta anapika. Ila likelemba haihifadhi. Inazunguka tu, na kila fedha inayoingia inatoka siku ileile. Haiwezi kunisubiri miaka 20. Tena wote tuliomo tunazeeka pamoja. Siku mikono yetu itakapochoka, itachoka ya wote kwa mkupuo, na hakutakuwa na wa kuchanga.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye neno langu hasa. Kila asubuhi mkusanya ushuru anapita kwenye meza yangu na kitabu chake cha tiketi. Inyeshe mvua ya Januari, liwe vumbi la Agosti, nimeuza au sijauza, yeye anafika. Siku mtoto wangu alipolazwa na meza ikabaki na mdogo wangu, alifika na akamkuta. Anajua nilihamia meza gani, anajua nani kafungua jana. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba watu wa soko ni vigumu kuwafikia, kuwaandika na kuwafuatilia, sielewi. Mnatufikia kila siku ya Mungu! Chapisheni tiketi yenye vipande viwili. Kimoja kiwe cha soko kama kawaida. Kingine kiwe kidogo, kwa jina na namba yangu, kiende CNSS kiwe cha uzee wangu. Mimi niko tayari kuongeza, na wenzangu wengi pia, mradi tuone jina letu kwenye karatasi na tujue hakuna mkono utakaokitoa pale kwa kujenga jukwaa la sherehe. Mwezi mbaya niruhusiwe kuruka, kwa sababu mwezi mbaya upo. Aliyeweka kidogo apate kidogo, lakini apate.

Najua mtasema hata hivyo hakitatosha. Kweli, hakitatosha. Ndiyo maana nauliza kuhusu shaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitoza kampuni mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini yanayochimbwa, wa 3.5% kwa shaba, na kobalti, tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati mwaka huohuo, 10%. Mrabaha huo unagawanywa: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Nafurahi wajukuu wamefikiriwa. Ila waliochimba, wakapumua vumbi lile, wakajenga jiji hili, hawana fungu lao katika mgawanyo huo. Mheshimiwa Gavana, ile 25% inapita mezani kwako. Bunge la jimbo linaweza kupiga kura na kusema sehemu fulani, inayojulikana, iwe ya watu waliozidi miaka 65 wa Haut-Katanga, ianze na dawa za presha na sukari na miwani. Katika nchi hii wenye umri huo ni kama 3 tu kwa kila watu 100. Ni wachache sasa. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1980 tukifika huko tutakuwa wengi, na kuanza siku hiyo kutawashinda watakaokuwa kwenye viti vyenu.

Mwaka 2019 mlituambia shule ya msingi ni bure, na pamoja na matatizo yake yote, madarasa yalijaa. Serikali ikiamua, inaweza. Hospitali ya uzee nayo iamuliwe.

Kuna jambo ambalo naogopa kuliko njaa, na sijaona mkubwa akilisema hadharani. Naogopa kuitwa mchawi. Mwanamke akiwa peke yake, nywele nyeupe, macho mekundu kwa moshi wa kuni na makala wa miaka 50, akiongea mwenyewe kidogo, inatosha mtoto mmoja wa mtaa afe kwa malaria ndipo watu waanze kumhesabia. Mara nyingi ukifuatilia utakuta neno lilianza mahali pengine: lupango. Mume amekufa, ndugu zake wanataka kuuza, na mjane hatoki. Sheria ya familia inampa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ile, lakini nani atakwenda mahakamani kumtetea mchawi? Anaondoka usiku na mfuko wake, na mwezi unaofuata kiwanja kimeuzwa.

Sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Ilihitajika sana, kwani watoto waliteswa na bado wanateswa. Basi wabunge waliolijua hilo kwa mtoto waliandikie na nkambo wake. Wakati tunasubiri, Meya anaweza mengi bila sheria mpya. Anaweza kuwaagiza wakuu wa komuni kwamba kila shutuma ya uchawi dhidi ya mzee iandikwe, na kwamba kiwanja chake kisiuzwe wala kubadilishwa jina kwa muda, mpaka komuni ijiridhishe. Nina hakika uchawi mwingi wa Lubumbashi utapona siku hiyohiyo.

Barabara nitazisema kwa kifupi, wengine wameshaandika. Mitaro isiyofunikwa ya Katuba inavunja nyonga za wazee kila msimu wa mvua. Wekeni vifuniko. Na miti ya jacaranda inayokatwa mjini ipandwe mingine, na chini yake viwekwe viti vya saruji, kwa sababu mzee anayetoka Kenya kwenda mjini kwa miguu anahitaji pa kukaa njiani, na kwa sasa anakaa kwenye ukingo wa mtaro huohuo.

Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya hatua maalumu za ulinzi, na kwamba Serikali ina wajibu wa kukuza uwepo wao katika taasisi za taifa, za jimbo na za mahali. Hilo la mwisho linanigusa. Mnapokaa kuzungumza habari za soko, za pensheni, za mitaro, muwe na mama mmoja mwenye fimbo mezani, siyo wa kupigwa naye picha tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, kisha arudishwe nyumbani na kilo mbili za mchele. Awe na sauti ya kupinga. Mtaona vikao vitakuwa vifupi, kwa sababu hatakubali kukaa muda mrefu kwenye kiti kibaya.

Mimi nitaendelea kuwepo soko la Kenya, upande wa mafundi, na yule mkusanya ushuru anajua meza yangu ni ipi. Mkinitafuta, mtumeni yeye. Ila jibu lenu msinipe mimi peke yangu. Libandikeni kwenye ubao wa matangazo wa kila komuni, kwa Kiswahili, na kwa herufi kubwa, maana wengi wanaolisubiri hawaoni vizuri.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa nguo wa Katuba, Lubumbashi